Mchoraji na Fensi ya Mkonge

Machi 14

Mvua bado. Shemeji Thuo amepita asubuhi kunywa chai na kuniletea habari: Mmarekani amekodi ghala la pareto la Mzee Kibii, lile la pale juu mlimani, na anasema yeye ni mchoraji.

"Mchoraji wa nini?" nikamuuliza.

"Wa mashamba, shemeji. Anachora ardhi. Sasa niambie, mtu anatoka Amerika mpaka Rongai kuchora mahindi hata haijapandwa?"

Thuo ni binamu ya marehemu mume wangu, na ndiye katibu wa kamati ya josho. Simpendi kupita kiasi, lakini swali lake ni zuri. Nimefundisha historia miaka ishirini na sita, na kwa miaka kumi na mmoja nimeandika makala gazetini zilizowakera madiwani watatu na askofu mmoja. Jambo moja nalijua. Katika bonde hili, kila mgeni aliyefika na penseli akisema anapenda mandhari, nyuma yake alikuja mwingine na mnyororo wa kupimia.

Na amechagua wakati mbaya. Mwezi wa sita mpimaji anakuja kuweka bikoni, zile alama za mpaka, kwenye ekari tano za josho, ili zipate hati kwa jina la familia zote arobaini. Tangu wazazi wetu walinunue shamba hili kwa mzungu aliyekuwa akiondoka, ekari hizo hazijawahi kuwa na karatasi yoyote. Mpaka wake ni fensi ya mkonge, basi. Tukizipoteza, hatuna pa kuogeshea ng'ombe, na kupe hawangoji kesi iishe.

Machi 17

Nimemwona kwa macho yangu nikitoka kanisani. Mzee mrefu, kofia ya majani, amesimama mbele ya ubao wake akiangalia josho. Akanyoosha mkono, akashika burashi wima, akafumba jicho moja, akatelezesha kidole gumba juu ya ule mti wa burashi. Akaandika kitu. Akarudia, safari hii kuelekea mlima Menengai.

Anapima. Hata mtoto wa darasa la nne angejua kwamba yule anapima.

Machi 18

Vumbi. Kupe wawili kwenye sikio la ndama.

Machi 22

Leo nimepanda mlima kwenda kumuuliza. Tulizungumza Kiingereza, ninayaandika kwa Kiswahili kwa sababu daftari ni langu.

"Unapima nini?" nilisema, bila salamu.

"Urefu wa kile kilima ukilinganisha na upana wa lile josho," akajibu. Hakuona hata haya.

Jina lake Harlan Brandt, umri miaka sabini na mmoja, wa Nebraska. Anasema ni nchi tambarare mpaka mtu akipotea unaendelea kumwona siku tatu. Baba yake alilima mahindi. Benki ilichukua shamba Brandt akiwa na miaka kumi na tisa, na wiki moja kabla ya mnada aliketi uani akachora kila kitu alichoweza kuona, kwa penseli ya seremala. Ndivyo alivyoanza. Baadaye alifundisha katika chuo kidogo, na kwa miaka hamsini amechora mashamba yaliyolala na mbingu zilizoyakalia. Mkewe alimwambia asife kabla hajachora kitu chenye mgongo, yaani mlima. Mkewe akafa yeye kwanza. Mwanafunzi wake wa zamani aliyewahi kujitolea kufundisha huku akamtumia picha ya Menengai, naye akakata tiketi.

Hadithi nzuri. Hadithi nzuri ndizo ninazoziogopa zaidi. Mbaya hujiumbua zenyewe.

Nikautazama ubao. Menengai iko, uwanda uko, josho liko, mkonge uko kwa mstari wake wa kijani-kijivu. Anaanza na rangi ya udongo iliyochujuka, kisha anapanda juu yake tabaka kwa tabaka, na anachokosea anakikwangua kwa kisu. Mkono anao, siwezi kusema uongo.

"Nyumba yangu iko wapi?"

"Niliiacha."

"Na ya jirani yangu Jebet, ile pale?"

"Paa la mabati linang'aa mno. Linavuta jicho."

"Kwa hiyo tumeondolewa shambani kwa sababu tunang'aa."

Akacheka. Mimi sikuwa natania.

Machi 28

Brandt alikwenda Nakuru mjini. Mzee Kibii, ambaye hajui kukataa mtu, alinifungulia ghala "nione tu." Mbao zimeegemezwa ukutani, kama kumi na tano, zote za mahali pamoja. Nikazigeuza. Nyuma ya kila mmoja kuna tarehe, saa, mwelekeo wa dira, mwelekeo wa upepo na namba ambazo sizielewi.

"Mzee, hizi namba ni za nini?"

"Sijui, Mwalimu. Mimi pia sijui kwa nini mtu anaandika nyuma ya kitu, mahali ikiwekwa ukutani haionekani."

Nikanakili zote. Thuo alipoziona alitikisa kichwa pole pole, kama daktari mwenye matokeo mabaya. "Andika, shemeji," alisema. "Wewe ndio uko na kalamu."

Aprili 3

Mvua.

Aprili 4

Mvua. Mahindi yameingia ardhini.

Aprili 9

Ndama wa Jebet amekufa kwa ndigana, homa ya kupe. Jirani yangu huyu si mtu wa kulia. Alisimama mlangoni kwangu na kamba ya ndama mkononi, akiikunja na kuikunjua.

"Wiki sita josho imefungwa," alisema. "Thuo ndio ako na kifunguo. Nikimuuliza ananiambia dawa haijafika. Nikimuuliza juzi ananiambia pampu. Jana ananiambia tungoje hati."

"Kamati ina shida nyingi, Jebet."

"Kamati ama Thuo?"

Nikamwambia adui yuko juu mlimani na burashi, si kwenye kamati. Akaikunja kamba tena.

"Mwalimu, huyo mzungu amenisaidia kuchimba shimo ya ndama. Thuo alipita na pikipiki akapiga honi."

Nikaona ni werevu wa mgeni. Wamisionari nao walianza kwa kutuchimbia visima.

Aprili 12

Makala imetoka. "Nani Anaipima Rongai?" Maneno mia tisa, na mhariri hakugusa hata mkato. Nimeeleza yote: kidole gumba, dira, namba, na jinsi nyumba zetu zilivyofutwa ubaoni ili ardhi ionekane tupu, kwa kuwa ardhi tupu ndiyo huuzwa. Kufikia saa sita mchana ilikuwa imezunguka kwenye kila simu kutoka hapa mpaka Lanet. Thuo alinipigia kusema ni kazi safi kuliko zote nilizowahi kuandika.

Nami niliamini hivyo. Niliisoma mara nne.

Aprili 17

Wamemshukia Brandt. Vijana na wazee, kama thelathini, walipanda jana mlimani wakampindua na ubao wake. Rangi ikamwagika matopeni. Hakuna aliyempiga, lakini mmoja alimvua kofia akaivaa, wakacheka. Naibu chifu wetu, Kipketer, akafika na kumwambia asionekane tena akichora nje mpaka mambo yaeleweke. Thuo ndiye aliyependekeza sharti hilo, na pia kwamba asisimame upande wa ghala unaotazama josho.

Nilikwenda kwa Mzee Kibii jioni, nikidhani atanishukuru. Alikuwa akikamua. Hakuinuka.

"Mwalimu, wewe umesoma," alisema kwa ng'ombe, si kwangu. "Mimi nimesoma mpaka darasa la tatu. Lakini mgeni yangu hakuna mtu amewahi kumtoa kofia."

"Mzee, ningeweza kuthibitisha kila neno."

"Uliniuliza mimi neno gani?"

Nilikasirika, nikaondoka. Huwa hivyo.

Aprili 18 hadi 25

Mvua. Barabara ya chini imekatika. Shule hazijafunguliwa kwa sababu ya mafuriko. Sina la kuandika, na hilo si kawaida yangu.

Mei 2

Kwa kuwa barabara imekatika, leo nimepita njia ya mkato, chini ya josho, ambako sijakanyaga tangu Februari. Nilikuwa nimefika katikati ya mahindi machanga kabla sijajiuliza mahindi hayo yanafanya nini pale.

Fensi ya mkonge haikuwepo. Yaani, ilikuwepo, lakini kama hatua sitini kutoka mahali ninapoikumbuka, karibu kabisa na birika la josho, na mikonge yake ilikuwa midogo, mibichi, imesimama wima kama wanafunzi siku ya kwanza shuleni. Nyuma yake, mahindi ya Thuo. Karibu ekari mbili.

Nilimkuta kwake akitengeneza pikipiki.

"Mkonge wa chini umeenda wapi?"

"Mvua imebeba, shemeji. Si uliona vile ilinyesha? Nikapanda ingine kabla mpimaji afike, mpaka usipotee. Najitolea tu."

"Mvua ilibeba mkonge, ikaacha nyasi?"

Akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Na hata hivyo, hiyo ya chini haikuwa mpaka. Ilikuwa ya baba. Uliza watu."

Nimeuliza watu. Nusu wanakumbuka ninavyokumbuka. Nusu wanakumbuka anavyokumbuka Thuo, na ninaona kwamba wengi wao wamepanda mistari miwili mitatu ya mahindi mle ndani kwa hisani yake. Kipketer anasema mpimaji hawezi kung'oa mahindi ya mtu kwa sababu ya kumbukumbu.

Nimekaa na daftari hili nikirudi nyuma ukurasa baada ya ukurasa. Nani aliniletea habari za mgeni. Nani aliniambia niandike. Nani alitaka mgeni asisimame upande unaotazama josho. Mtu pekee aliyekuwa akiitazama fensi ile tangu asubuhi hadi jioni, kila siku, alikuwa Mmarekani, na mimi ndiye niliyemwondoa. Mkonge ulikatwa baada ya makala yangu, labda wiki hiyo hiyo.

Ningependa kuandika kwamba nilidanganywa. Sikudanganywa. Niliambiwa kile nilichokuwa nimeshaamua kukiamini.

Mei 5

Nilipanda mlima tena. Brandt alikuwa ndani ya ghala akichora kikombe. Kikombe, kwa sababu tulimkataza kila kitu kingine.

"Nimekuja kukuomba radhi," nilisema, "na kukuomba kitu."

"Kwa mpangilio huo?"

"Ndiyo."

"Basi nusu ya kwanza haijakauka bado," akasema, akaendelea na kikombe chake.

Nikasubiri. Ana subira ya watu wa nchi tambarare. Mwishoni nilimweleza yote: fensi, mahindi, mpimaji, ndama wa Jebet. Akaosha burashi kwa mafuta ya taa, akazipanga, kisha akaanza kugeuza mbao zake moja moja. Kumi na tisa; ya ishirini aliiacha bila kuigeuza. Katika kila moja, mstari wa kijani-kijivu ukipita chini ya josho. Na nyuma, kwa mwandiko wake, tarehe na saa. Namba ambazo nilizinakili kama ushahidi dhidi yake, alisema, ni za mirija ya rangi aliyochanganya.

Nilitaka kumkumbatia. Nikamwambia tu: "Utakuja mbele ya mpimaji?"

"Shamba la baba yangu nililichora baada ya watu kuacha kubishana," alisema. "Nitakuja."

Lakini hakuonekana mwenye furaha, na alitaka kuongeza jambo. Sikumpa nafasi. Nilikuwa tayari naandika kichwani.

Mei 20

Jebet amepoteza mtamba. Mvua inapungua.

Juni 4

Nitaandika hii yote, hata sehemu nisizozipenda.

Mpimaji alifika saa nne, mwanamke wa miaka thelathini na kitu aitwaye Chepchirchir, buti za mpira na sauti ndogo. Tulikuwa watu karibu mia. Nilipanga mbao kumi na tisa kwenye ukuta wa birika. Ya ishirini Brandt aliiacha kwenye mfuko, akisema haifai kuonyeshwa mtu. Nikahutubu. Nilikuwa mzuri, nadhani, kwa dakika kama tano.

Thuo akasimama, mikono mifukoni. "Shemeji, samahani. Huyu si ndio uliandika kwa gazeti ni jasusi? Ama leo amepandishwa cheo?"

Watu wakacheka, na walikuwa na haki.

"Nilikosea," nikasema. "Nitaiandika pia."

"Basi tumuulize tu," Thuo akasema kwa upole. "Bwana, hizi picha, ulichora vile shamba iko? Kila kitu mahali pake?"

Nikamtafsiria, Brandt akavua kofia. Akatazama mbao zake, mmoja baada ya mwingine. Kisha akasema jambo alilotaka kuniambia Mei tano.

Chepchirchir akaniomba nitafsiri kwa wazee. Nikatafsiri. Sijawahi kubeba sentensi nzito kama zile kwa mdomo wangu mwenyewe. "Anasema hapana. Anasema mchoraji husogeza vitu. Hapa, mkonge aliupeleka kushoto kwa sababu picha ilikuwa imeelemea upande. Hapa aliupandisha juu. Hapa aliufanya mfupi. Anasema picha inahitaji kile inachohitaji."

Thuo akapiga makofi mawili, polepole.

Nilimwangalia yule mzee na kwa mara ya kwanza tangu Machi sikumshuku kwa chochote, na nilitamani sana angekuwa mwongo. Neno moja tu la uongo na ekari zingerudi. Chepchirchir alikuwa ameanza kufunga daftari lake.

Jebet ndiye aliyeingiza mkono mfukoni. "Na hii chafu?"

"Iache hiyo," Brandt akasema haraka. "Ni mbaya. Mvua ya kwanza ilinikuta. Dakika ishirini tu. Sikuwa na muda wa kusogeza kitu chochote."

Jebet akaigeuza watu waione. Ilikuwa mbaya kweli. Rangi imepakwa kama siagi, na matone ya mvua yametoboa mbingu vishimo vishimo. Mlima umepinda. Lakini mle ndani tulikuwepo. Paa langu. Paa la Jebet, kipande cheupe kinachopiga macho. Choo cha Kibii. Hakuwa amepata muda wa kutuondoa. Na mstari wa mkonge ulianzia sawasawa chini ya paa la Jebet, ukaishia kwenye mgunga uliopo mpaka leo. Nyuma: Machi 26, saa kumi na robo.

"Mtu aliyesema amedanganya mara kumi na tisa," Thuo akasema, "ndio tumwamini ya ishirini?"

"Mimi simwamini mtu," Chepchirchir akasema. Akamuuliza Brandt alikuwa amesimama wapi. Tukapanda wote mlimani, mia nzima, mpaka mahali alipousimamisha ubao wake siku ile. Mpimaji wa serikali akashika picha kwa mkono mmoja; mkono wa pili akaunyoosha, akashika penseli wima, akafumba jicho moja, akatelezesha kidole gumba. Nikatazama pembeni.

Kisha akatuma watu wawili chini na vijiti vyeupe, akawaelekeza kwa mkono: kushoto, kushoto, simama. Vijiti viliingia katikati ya mahindi ya Thuo.

"Hapo mahindi yangu itaharibika," Thuo akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Nitachimba mashimo matatu," akasema Chepchirchir. "Nisipopata kitu nitaandika sikupata kitu."

Shimo la kwanza, udongo. La pili, udongo na chupa. Katika la tatu, jembe la Kibii liligonga kitu kilichotoa sauti ya mbao mbichi. Wakafukua kwa mikono. Kisiki cha mkonge, kinene kama paja la mtu, kimekatwa kwa panga chini ya usawa wa ardhi na kufukiwa. Wakafuata mstari. Kingine. Kingine. Walihesabu mpaka kumi na moja wakachoka.

Chepchirchir akaandika. Nilimuuliza kama atataja picha. "Hapana, madam. Nitaandika nilichimba nikapata visiki. Picha si ushahidi." Akatazama tena ule ubao mbaya. "Lakini mwambie ni nzuri."

Bikoni ziliwekwa saa tisa, kwenye mstari wa zamani. Kipketer alichukua ufunguo wa josho mbele ya watu wote. Thuo alipita karibu yangu akielekea pikipiki yake, na nilikuwa nimetayarisha maneno, yote makali.

"Mimi sikuandika hata herufi moja, shemeji," alisema. "Uliandika wewe." Akaondoka, na maneno yangu nimebaki nayo mpaka sasa.

Juni 7

Brandt ameshinda nje, mahali pale pale. Nilipita kuangalia. Ametuondoa tena, na josho amelisogeza kulia. Nikamwambia ni uongo. Akasema picha ilihitaji. Tumebishana hadi adhuhuri. Bado simwamini kuhusu mapaa, na sitamwamini.

Gazeti limejibu. Watachapisha masahihisho yangu kwa mistari minne, ukurasa wa ndani. Kosa langu lilikuwa na maneno mia tisa. Nimekataa.

Juni 13

Siku ya kwanza ya kuogesha ng'ombe. Dawa ilifika jana, harufu yake ilijaa mpaka barabarani. Kila familia ilileta mifugo yake, kelele na matope na mbwa. Nikapanda juu ya ukuta wa birika na karatasi zangu za masahihisho, maneno mia tisa kamili, nikaanza kusoma kwa sauti: mimi fulani niliandika kwamba mgeni huyu anaipima ardhi yetu, nikiwa sijamuuliza mwenyeji wake neno lolote.

Ng'ombe wa kwanza akaruka ndani, maji ya dawa yakaturukia. Mtu akapiga mluzi. Nikapandisha sauti. Brandt alikuwa amesimama kando ya Kibii, kofia mkononi, akisikiliza lugha asiyoijua. Hakuna mwingine aliyesikiliza. Nilifika aya ya tatu, ile ya kofia yake, na ilikuwa ngumu kuisoma.

Ng'ombe mwekundu wa Jebet alikwama mlangoni mwa birika, miguu ya mbele imekaza, foleni nzima ikasimama nyuma yake.

"Mwalimu," Jebet akaita, "hiyo tumesikia. Weka karatasi chini, sukuma huyu."

Nikaweka karatasi chini, nikashuka, nikasukuma.